Matairi Yaliyotunzwa Kama Jibini

Karakana ya Matairi ya Nevija,
Čavle, karibu na Rijeka.
11 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Tihomir,

Pokea salamu nyingi kutoka Čavle. Hujambo huko Perth? Mkeo Erin hajambo? Nasikia kwenu sasa ni majira ya baridi na mtoto wenu Mila alishikwa na kikohozi, natumaini kimekwisha. Huku sisi tu wazima. Mgongo wangu unalalamika kila ninapoinama, lakini nina miaka sitini na miwili na nainua magurudumu kutwa nzima, kwa hiyo nauacha ulalamike. Mama yako ana afya nzuri. Nyanya zake zimezaa sana mwaka huu, na anamgawia kila apitaye, apende asipende.

Barua yako niliipata. Umeniomba niifungie Golf nyekundu, gari la marehemu baba yako, yale matairi manne ya mbio yaliyo ghalani, ili tarehe 20 Septemba, siku ambayo wenye magari ya kawaida wanaruhusiwa kuingia uwanja wa mbio wa Grobnik, uendeshe juu ya matairi aliyoyanunua kwa ajili yenu wawili. Unasema huna wasiwasi nayo, kwani kila mwaka baba yako alikuambia kwenye simu kwamba mimi shangazi yako nimeyakagua na bado yanafaa.

Mwanangu, sitayafunga. Nitakueleza kwa nini, na nusu ya maelezo ni aibu yangu mwenyewe.

Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Haya yameandikwa 2214, yaani wiki ya ishirini na mbili, mwaka 2014. Baba yako Rajko aliyanunua Juni ile, mkapanga kwenda Grobnik Septemba, viza yako ikatoka Agosti ukaondoka. Sasa tairi la mbio linashika lami kwa sababu ni laini. Likikaa tu, hata bila kukanyaga barabara, linakauka, na baada ya miaka mitano limebaki sura tu.

Tena baba yako aliyatunza kwa namna yake. Kaka yangu alitengeneza jibini miaka arobaini, na kitu chochote cha thamani alijua kukitunza kwa njia moja: juu ya rafu, gizani, kukigeuza kila Jumapili na kukifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya zeituni. Basi ndivyo alivyoyafanya matairi, ghalani mlemle mwa jibini. Mafuta hula mpira polepole. Mpira nao ulilipiza kwa jibini, maana mwaka ule wa kwanza lote lilinuka karakana, tukalila Krismasi nzima bila mtu kuthubutu kusema neno.

Habari ya mafuta mama yako ameniambia mwezi uliopita tu, lakini ugumu wa mpira niliujua zamani. Kila majira ya kuchipua, watu wanapokuja kuvua matairi ya theluji, Rajko aliniletea tairi moja kati ya yale manne, amelifunga blanketi. Aliuliza neno lilelile: "Nevija, bado yanafaa?" Miaka minne ya mwanzo nilisema ndiyo na ilikuwa kweli. Mwaka wa tano nilibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuingia. Nikasema, "Bado, kaka." Akalifunga blanketi lake akaondoka anapiga mluzi.

Nilimwambia hivyo mara sita. Kwangu mimi, kusema matairi yamekwisha kulikuwa ni kumwambia kwamba huji. Ulikuwa umeahirisha safari mara mbili. Sikuchomi, Tihomir. Kulikuwa na kazi, kisha akazaliwa Mila, na Februari hii tulipomzika baba yako hukupata ndege kwa wakati. Nakueleza tu nilivyokuwa nikiwaza.

Barua yako ilipofika nilimwambia mama yako niagize mengine. Akanikazia macho. "Wewe mwenyewe ulimwambia mume wangu kila mwaka kwamba yanafaa. Sasa amekufa, ndiyo yameharibika?"

Ujasiri wa kusema kweli sikuwa nao. Nikaamua lami iseme badala yangu. Tarehe 26 Julai, Jumamosi mchana, niliyafunga kwenye Golf nikaenda nayo Grobnik. Mama yako akataka kuja, akakaa karibu na uzio na chupa yake ya kahawa.

Langoni alikuwepo Livio, unamkumbuka, yule anayekagua magari kabla hayajaingia. "Mama Nevija, leo umekuja kuuza matairi au kuyamaliza?" Akayashika, akayasifu, mapya kabisa, yanang'aa. Nikamwambia asome ubavuni. Akasoma, akavua kofia. "Haya ni ya kuweka kaburini, mama." Nikamwambia nitakwenda mizunguko miwili tu, tena mwendo wa harusi. Akaniruhusu kwa sababu alinionea haya, na kosa ni langu.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu ili yapate moto. Mzunguko wa pili nikakaza kidogo, na kwenye kona ya tatu nyuma ya gari ikaamua kutangulia. Nilizunguka mara moja na nusu, nikaishia kwenye kokoto. Sikuumia, na Golf haina hata mkwaruzo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kona.

Livio alikuja mbio. "Mama, haya matairi kakuuzia nani, adui yako?"

"Nimeyapitisha mimi mwenyewe," nikasema. "Miaka sita nayapitisha, na nilijua yamekwisha."

Nilipoinua macho, mama yako alikuwa amesimama nyuma yake.

 Nyumbani akanipakulia palenta, ule ugali wetu wa viazi, na kipande cha jibini, akaketi mbele yangu bila kula.

"Wifi, ulidhani kaka yako atalia?"

"Niliogopa atakata tamaa."

"Rajko? Rajko angenunua mengine. Na hayo yakizeeka angenunua mengine tena. Ghala lingejaa matairi, sawa, lakini mwanangu asingeandaliwa gari la kumuua."

Hilo ndilo lililoniuma, Tihomir, kwa sababu ni kweli. Nilimhurumia kaka yangu bila yeye kuhitaji huruma. Alichohitaji kwa fundi wa matairi ni ukweli wa matairi, basi. Nakuomba msamaha kama nilivyomwomba mama yako. Yeye hakunisemesha wiki mbili, na nyanya zilikoma kuja kwangu.

Sasa kuhusu nilichokuchagulia. Matairi kipara kabisa, yasiyo na mfereji hata mmoja, polisi hawayataki barabarani, kwa hiyo hayo tuyaache. Yapo ya jamaa yake, yenye mifereji miwili mitatu, ambayo sheria inayaruhusu. Hayo ndiyo aina aliyonunua baba yako, na yakiwa mapya na ya moto yanashika lami kama gundi. Ila kukiwa na baridi hayashiki vizuri, na juu ya maji huelea. Wewe umeshamwahidi mama yako kwamba jioni ileile utampeleka Fužine kwa dada yake, Zora. Barabara ile unaijua, na mvua ya Septemba ya kule mlimani unaijua pia. Nimekuchukulia matairi ya spoti ya barabarani, yenye ubavu mgumu na mifereji ya kutosha. Uwanjani vijana wanaokuja kutoka Trieste, Italia, watakupita, na wakupite. Gari linalorudi nyumbani kwa magurudumu yake huchaguliwa matairi ya safari ya kurudi.

Asubuhi tutapunguza upepo kidogo, maana yakipata moto upepo hupanda. Utapima mara tu unapotoka uwanjani, si baada ya kahawa. Mizunguko mitano, kisha pumzika, na ukiegesha usivute breki ya mkono, breki zitakuwa za moto mno. Nati nitazikaza mwenyewe, wewe ukiangalia. Mwaka huu sitaki mtu aniamini kwa maneno matupu.

Jana Jumapili nilipita kwa mama yako kujaribu tena bahati yangu. Sikumkuta jikoni, nikashuka ghalani. Alikuwa anayageuza matairi ya zamani, moja baada ya jingine, safari hii bila mafuta.

"Wifi, hayo si tumekubaliana yamekufa?"

"Najua yamekufa. Leo ni Jumapili." Kisha akanisogezea lile la nne. "Shika upande huo, usisimame tu. Mwanangu akija atayatoa yeye mwenyewe." Tukaligeuza pamoja, na nilirudi nyumbani na kikapu cha nyanya.

Mpe Erin salamu zangu na umbusu Mila kwa niaba yangu. Livio anakusalimu na kusema atakukagua kuliko wote. Zora ameanza kuuliza utakula nini. Mungu akushike mkono angani na nchi kavu, akufikishe salama kwa mama yako.

Matairi mapya yako hapa, kando ya meza ninayoandikia. Ubavuni yameandikwa 2625. Ukikawia miaka mitano mama yako ataniuliza kama bado yanafaa, na mimi nitamwambia kweli. Njoo Septemba, mwanangu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokosea,
Nevija