Dagaa Walioacha Kukwepa

Mwanangu Rukia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi huku Utende wazima, ila mdogo wako anaota meno, hanipi usingizi. Naandika nimempakata.

Eti mjomba wako anasema baruti haimdhuru samaki asiyekufa palepale? Uongo! Nikiwa na umri kama wako, mimi na bibi yako tulivua dagaa kwa kutanda kanga, maji magotini. Ukisogeza mguu tu, wameshageuka. Siku moja baada ya mlipuko tukawakuta hai, wanaogelea, lakini hawakwepi. Wakajiingilia kangani. Nikashangilia; bibi yako akawamwaga.

"Mama, unamwaga riziki?" wapiga baruti waliokuwa karibu wakamcheka.

"Riziki gani? Mmewatia uziwi! Kolekole akija kuwala watamkimbiaje?"

Kitabu ulichoniachia kinaeleza: ubavuni mwa samaki mna seli zenye vinywele. Maji yakitikisika vinywele hupinda, seli humwaga kemikali, na mshipa wa fahamu hupata habari. Mlipuko ukiviharibu, habari haifiki.

Mwambie mjomba wako, kwa adabu, lakini mwambie.

Mtoto kajitikisa pajani. Nimemhisi kabla hajalia. Kuhisi huko ndiko wapiga baruti walikowanyang'anya wale dagaa.

Shangazi yako