Adapta ya Kompyuta ya Mama

Jumamosi, Same. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sahani. Milima imejifunika wingu huko juu, huku chini hakuna hata tone. Sina raha.

Leo nimemdanganya mama.

Mama alikuwa mchapaji kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na mpaka leo anachapa bila kutazama vidole. Alipostaafu alijinunulia kompyuta ya mezani, na tangu hapo wafiwa wa mtaa huu, na hata wa Lembeni, huja kwake kuandikiwa wasifu wa marehemu. Hachapi tu. Anauliza, anasikiliza, anajua la kuweka na la kuacha ili ndugu wasigombane makaburini. Ndiyo kazi inayomfanya avae vizuri asubuhi.

Miezi ya karibuni akaanza kulalamika kwamba monita yake imefifia. Nikaamini, maana ni ya siku nyingi. Halafu ukatokea ule msiba wa Lembeni. Msomaji alisimama mbele ya jeneza, akafika katikati ya ukurasa, akakuta mistari isiyosomeka, herufi na mikato tu. Mama alikuwa ameweka vidole kitufe kimoja pembeni, akaendelea kuchapa kwa kasi yake yote bila kujua. Msibani hakuna aliyesema neno, lakini tangu siku ile hakuna mfiwa aliyepiga hodi kwetu.

"Si nilikwambia monita imekufa?" mama alisema.

Nikaamua kumuunganishia televisheni ya sebuleni, aone herufi kubwa. Shida ni kwamba kompyuta yake inatoa picha kwa VGA, lile tundu la bluu la kukaza kwa skrubu, na televisheni inapokea HDMI tu. Nikanunua adapta, nikachomeka. Wimbo wa kompyuta kuwaka ukalia kama kawaida, lakini televisheni ikaandika kwamba hakuna picha inayoingia. Nilichomoa, nikapuliza vumbi, nikakaza, nikamwomba na Mungu. Wapi!

Leo nikarudi kwa fundi Shabani aliyeniuzia, pale karibu na stendi, nimebeba na monita ya zamani nimwachie achukue vipuri. Akanicheka. Adapta niliyonunua ni ya kutoka HDMI kwenda VGA, na picha hairudi kinyume.

"Dada, hizi ni njia moja tu. Yako ni hii hapa. Na kawaya haka ka USB usikasahau, bila umeme haifanyi kazi."

Kisha, kwa mazoea tu, akachomeka ile monita ya mama kwenye kompyuta yake.

Ikawaka vizuri kabisa.

"Hii nzima," akasema. "Nani kakwambia imekufa?"

Njiani nikaanza kukumbuka kidole anachotia ndani ya kikombe anapomimina chai. Nikakumbuka wageni anaowangoja waseme kwanza ndipo awataje majina. Yote nilikuwa nayaona. Nikayaita uzee.

Nilipofika nyumbani nikaunganisha adapta, na kale kawaya kake. Mama akakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, vidole vikatafuta vile vidutu vya kwenye F na J. Wimbo ukalia. Picha ikajaa televisheni nzima, na maandishi niliyasoma nikiwa mlangoni. Mama alikuwa ameielekea.

"Bado haijawaka?" akauliza.

Nikasema, "Bado, mama."

Akaguna. "Mafundi wa stendi nao! Irudishe Jumatatu akupe nyingine." Akainuka, akapita akigusa ukuta, akaenda jikoni kuchambua mchele wa Kihurio. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa anatafuta mawe kwa ncha za vidole, punje kwa punje, uso ameuelekeza dirishani.

Sijui kama mwenyewe anajua. Labda anajua kuliko mimi, na monita ilikuwa njia yake ya kusogeza siku mbele. Wanasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Na mimi ninayemsaidia kuficha?

Naogopa. Naogopa atakachosema daktari wa macho, kwamba tumechelewa. Naogopa zaidi ile asubuhi mama atakapoamka asione sababu ya kuvaa vizuri. Ningeweza kumsomea yeye akichapa, tungeandika wasifu pamoja, lakini kwanza mtu aseme ukweli, na katika nyumba hii tuko wawili tu.

Naandika haya sebuleni, televisheni sijaizima. Mama amekaa hapa pembeni yangu, mwanga wote uko usoni kwake.

Kesho tukitoka kanisani nitamwambia kwamba iliwaka.