Niliandika "Hakuna Mtu Nyumbani"

Eskisehir, Uturuki
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kabla hata hujatafuta miwani, na mdogo wangu Kassim ndiye anayekusomea kwa ile sauti yake ya kutangaza mpira. Mwambie asome taratibu. Goti linaendeleaje? Paa la jikoni mmeliziba, au bado mnakinga sufuria? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Michembe ya viazi uliyonitumia imebaki kiganja kimoja. Msichana ninayekaa naye, Mturuki, alipoiona mara ya kwanza alidhani ni vibanzi vya kuwashia moto. Sasa anaila kuliko mimi.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, nami ningekubali kukatishwa. Kuna kitu kinanisumbua, na bila wewe hakitatengenezeka.

Unakumbuka ile kazi niliyofanya Goweko kabla sijaondoka, ya kuzunguka na kishikwambi nikiuliza watu maswali? Mradi ulitaka kujua wakulima wa tumbaku wanaumwa siku ngapi kwa msimu: kile kizunguzungu na kutapika wanapochuma majani yenye umande, na kifua kinavyowabana kwenye mabani, vile vibanda vya moshi, wakati wa kukausha. Huwezi kuuliza kila nyumba, kwa hiyo majina yalipigiwa kura. Ni kama wewe sokoni, mama. Huyaamini maharage ya juu, unatia mkono mpaka chini ya gunia ndipo unauliza bei. Nyumba ikishatoka kwenye kura ni hiyo hiyo, huchagui yenye kivuli au yenye mbwa mpole. Ukikuta mlango umefungwa unarudi siku nyingine, mpaka mara tatu. Ukikosa kabisa unabonyeza "hakuna mtu nyumbani", unakwenda nyumba inayofuata kulia.

Siku ya nne kura ilinipeleka kwa mzee Masanja. Nilipofika nikakuta wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na sufuria kubwa motoni. Mzee alikuwa amezikwa juzi yake. Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa: nyumba hii ina watu wangapi? Sasa mama, swali hilo ningelitoa kwa mdomo gani? Nikasikia sauti yako ya tangu utotoni: watu wakifiwa usiwaulizeulize, toa pole, kaa, nyamaza. Nikatoa pole, nikakaa, nikanyamaza. Kisha nikainuka kuchukua baiskeli yangu.

Mjane akanifuata mpaka njiani. Aliinuka mkekani, na wenzake wakamtazama. Mama Shija, walimwita.

"Mwanangu, si wewe wa yale maswali ya tumbaku?"

"Ndiyo, mama. Poleni sana."

"Jina letu limo humo?"

"Limo, mama."

"Basi uliza. Mimi nipo."

"Nitarudi, mama, mkishapumzika."

Akanitazama kwa muda. "Haya," akasema. "Mimi nipo."

Nikaenda nyumba ya kulia. Nilikuta kijana aliyeoa juzijuzi, aliniambia aliumwa siku mbili tu, akacheka. Nikamwandika yeye. Kwa mzee Masanja uwanja ulikuwa umejaa watu, nami nikabonyeza "hakuna mtu nyumbani". Kesho yake gari likatuhamishia kijiji kingine na sikurudi.

Mchana ule tulikula ugali kwa mama ntilie, wahojaji wote watano, na mazungumzo yakafika huko. Mmoja akasema, "Mimi leo nimekuta msiba, nimeiruka." Mwingine naye aliruka miwili. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza nyumba ya msiba, na hakuna aliyetuagiza turuke. Wote watano tulikuwa tumelelewa vizuri. Tukaagiza chai, tukaendelea na stori za mpira.

Huku nimeruhusiwa kuyatumia majibu yale kwa kazi yangu ya kumalizia shahada. Mwezi uliopita niliyachora nikampelekea profesa wangu, mama mmoja mfupi, mpole, ambaye upole wake unatisha. Akaniambia ugonjwa haugawanyiki sawa kwa watu. Wengi huumwa kidogo, kwa hiyo nguzo za mwanzo za mchoro huwa ndefu. Baadaye zinapungua, na upande wa kulia unabaki mkia mrefu wa wachache walioumwa sana. Mchoro wangu ulikatika ghafla, kama uliokatwa na mkasi.

"Mkia uko wapi?" akauliza.

Nikasema labda watu wa Goweko wana afya nzuri. Akafungua orodha ya nyumba tulizobadilisha. "Hawa hawakuwepo nyumbani wote?" Mama, nikashuka na macho kwenye orodha mpaka nikafika kwa mzee Masanja. Walioumwa muda mrefu ndio waliokufa, na waliokufa ndio ambao nyumba zao tuliziruka kwa heshima. Wastani ukatoka mzuri kwa sababu wa kuuharibu hawakuulizwa. Ule wastani ndio uliopelekwa kwenye kikao cha wilaya, wakasema ugonjwa wa uchumaji ni wa siku mbili tatu na unapita wenyewe. Maombi ya kijiji ya glavu, na ya nesi wakati wa mavuno, yakawekwa pembeni. Watu wanachuma kwa mikono mitupu mpaka leo.

Tangu siku ile sina raha. Nikisubiri tramu namwona mama Shija amesimama ng'ambo ya reli na kanga zake mbili, hanilaumu, hanipungii mkono. Tramu ikipita hayupo. Namkumbuka bibi alivyosimulia babu yake aliyebeba pembe za ndovu kutoka kwetu mpaka pwani, kwamba mzigo ulihesabiwa asubuhi na jioni, lakini mpagazi aliyeugua aliachwa kando ya njia na msafara ukafika umekamilika. Nikiwa mtoto nilikuwa nauliza majina yao, bibi anasema hakuna aliyeyashika. Njia ya Goweko ndiyo ile ile, mama. Nimepita na kishikwambi mkononi, na mimi nimewaacha wangu.

Nimemwambia profesa kila kitu. Ningeweza kunyamaza nikamaliza shahada kiangazi hiki. Sasa sitamaliza, na naona aibu, na uzito umepungua kidogo. Amesema kazi itakubalika iwapo zile nyumba tulizoruka zitaulizwa kabla ya mavuno. Vibali nimeshaomba, na fomu nimemtumia Kassim. Lakini Kassim ni kijana, atafika kwenye nyumba hizo atatoa pole na kunyamaza kama mimi. Nakuomba upande naye treni hadi Goweko. Wewe ni mjane, watakufungulia. Anza kwa mama Shija. Mwambie yule binti alisema atarudi, na wewe ndiye umekuja kwa niaba yake. Kisha usinyamaze, mama. Najua nakuomba uvunje ulichonifundisha. Muulize mzee alianza kuumwa lini, na siku ngapi, na umsubiri ajibu.

Nisalimie mama mdogo, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekiona. Shangazi anayeuza vitumbua mpelekee shikamoo yangu na umdai mfuko wake wa michembe aliouahidi. Mwalimu wangu wa madrasa mwambie juzuu bado ziko kichwani. Watoto wa kaka wabusu wote, hata yule anayekimbia.

Hapa Kassim akupe karatasi umalizie mwenyewe.

Mama, nilikuwa bwenini, kidato cha pili, mkaniambia baba ana malaria kidogo. Nilipofika nyumbani ilikuwa siku ya tatu. Baiskeli za wateja wake zilikuwa bado zimeegeshwa barazani, nyingine hazina magurudumu. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, ukanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni uchungu tu. Nikakupa pole, nikakaa, nikanyamaza, na miaka kumi na miwili imepita bado nimenyamaza. Sasa nadhani nimelielewa lile jicho, kwa sababu nililiona tena Goweko, njiani, karibu na baiskeli yangu.

Baba aliumwa siku ngapi?

Uliza na wewe chochote unachotaka. Chukua muda wako, tumia karatasi zote utakazohitaji. Mimi nipo.

Mwanao,
Rehema