Ndala ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila moyo ndio hauna raha. Baba anaendeleaje na kile kifua? Umeniandikia kwamba anakohoa mpaka anakaa kitako kitandani, na kila asubuhi anauliza ndala yake ya kushoto iko wapi. Nilipofika hapo nikaiweka barua yako chini.

Huku mazoezi yanaendelea, na upepo hautuachii, vumbi mpaka kwenye meno. Mkufunzi wetu, yule mama asiyecheka hata umtekenye, anatupeleka na mbwa sokoni makusudi, katikati ya kelele na kuku. Wimbo wake ni ule ule: upepo ukivuma, harufu ya mtu haikai pale alipokanyaga, inasukumwa pembeni ikajibanze ukutani na kwenye majani. Kwa hiyo mbwa akiacha njia, legeza kamba umfuate, mwenye pua ni yeye. Hayo naweza kuyasema hata usingizini.

Sasa, dada, kuhusu siku ile Baba alipotoka nyumbani akapotea. Ulinipigia simu unalia, nikaja mbio na mbwa wangu Kachero. Tulimnusisha shati la Baba, akashika njia vizuri kabisa. Watu wakatufuata, nawe ukawa unawaambia kwamba huyu ni mdogo wako, yeye na mbwa wake hawashindwi. Nikavimba kichwa, nisikufiche. Tulipofika buchani, Kachero akakata kona kwenda nyuma, kwenye lundo la mifupa. Watu wakaangua kicheko, wakasema mtaalamu ameona chakula chake cha mchana. Uso uliniwaka! Nikamvuta, akagoma, nikamvuta tena kwa nguvu, tukashika barabara kubwa mpaka giza likaingia. Baba akalala nje kwenye baridi ile, mkampata asubuhi karakana ya mbao. Wote mkasema upepo umemshinda mbwa, nami nikaitikia. Hata mkufunzi nilimwambia hivyo hivyo, na Ijumaa hii Kachero anaondolewa kazini.

Siku mbili baadaye nilirudi pale buchani na Kachero, kamba nimeilegeza. Alipita lundo la mifupa bila hata kugeuza shingo, akazunguka ukuta, akalala chini mbele ya kitu, kama tulivyomfundisha. Ilikuwa ndala ya Baba. Kutoka pale kuna kinjia kinashuka moja kwa moja hadi karakana ya mbao. Mbwa hakukosea, dada. Ni mimi niliyemvuta, kwa kuogopa kuchekwa, na ndala nikaificha uvunguni.

Kesho naenda kwa mkufunzi kumweleza. Akitaka kufukuza, anifukuze mimi. Ila nimeona wewe ujue kwanza, maana kukutazama usoni siwezi.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Baba usimpe salamu zangu bado. Mvalishe kwanza ndala yake, nimeifunga kwenye kifurushi hiki hiki.

Ni mimi,
mdogo wako.