Usiniite Kasmir Uwanjani

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Agosti, 1954

Mpendwa Kaka Isidori,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali yako, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Yule Shomari uliyeniandikia nimpeleleze, winga wa kushoto wa Nyota ya Gerezani, ni mimi.

Pumua kwanza. Najua uliandika kwamba utamvunja mguu.

Sisi hapa wazima, ila mama kifua kinambana. Huko Moshi nadhani baridi imewakamata, na shangazi Severa anakohoa kama kila Agosti. Mpe mama yako pole nyingi.

Jina hilo nilipewa na kapteni wetu, Fikirini, mkaanga samaki wa Feri. Siku niliyokwenda Mnazi Mmoja kuomba namba alinicheka mbele ya watu: "Mchaga na mpira wapi na wapi? Nenda kauze ndizi, bwana mdogo!" Nilipompiga chenga akanirushia jezi. Kisha akasema, "Haya, kuanzia leo wewe Shomari. Hilo la Kasmir litatuletea baba yako hapa na bakora."

Unajua nilivyo na haya. Shuleni Kiingereza kinanikwama kooni, na nyumbani mbele ya baba Kiswahili nacho kinakwama. Uwanjani hakuna anayeningoja nimalize sentensi.

Baba anadhani niko kwaya. Alishasema, siku akisikia nipo na wahuni wa mpira, shule basi, narudi Rombo kuwakatia ng'ombe majani. Unamjua mjomba wako, hatanii.

Sasa timu yenu inakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na golikipa ni wewe. Utalala chumbani kwangu! Baba, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa Ilala, atafunga duka aje akushangilie. Amekwisha kuwatangazia Wachaga wote wa sokoni.

Kaka, macho yake hayaoni mbali, lakini masikio hayo! Nakuomba usiniite Kasmir. Tukipeana mikono kabla ya filimbi, nikikuamkia kwa mazoea, usiitikie marahaba. Nani anamwamkia golikipa wa wageni? Nitazame kama mtu usiyemjua.

Ningeweza kujifanya naumwa. Sitaki. Mshindi atakwenda Tanga, halafu Unguja, kucheza na timu za huko kwenye viwanja vyao wenyewe, nami viwanja hivyo navisikia kwa kusimuliwa tu. Langoni usinionee huruma, mimi sitakuonea. Ila jihadhari, ninyi mmezoea majani, hapa ni mchanga na mpira unadunda unavyotaka.

Nisalimie shangazi, Candida na Josepha. Mungu awalinde njiani, na lori lisi...

Viatu vya baba ukumbini. Anamwambia mama: "Jumamosi ile Kasmir aache kwaya. Nataka akae ubavuni kwangu pale uwanjani, anieleze nani ni nani. Mimi mpira naujulia wapi? Nisije nikashangilia goli la hawa wa Gerezani nikachekwa na watu."

Mama anacheka. Anasema nitafurahi.

Kaka, nifanyeje? Nijibu kwa lori la kwanza. Anakuja huku, kitasa kinalia, naificha karatasi.

Mdogo wako akupendaye,
Kasmir