Kadi Moja kwa Wawili

Kakuma, karibu na soko
16 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Wanjugu,

Ejok, kama tunavyoamkiana huku. Natumaini nyote ni wazima na goti la mama limepoa. Sisi tuko, ila joto unalijua.

Sasa, pale mtandao ulikatika nilikuwa nimefika kwa deputi Kipngeno, yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inajua hesabu. Shule inatafuta mwalimu msaidizi, nafasi ni moja, na Makena wangu alifanya mtihani. Kupita ni arobaini. Kipngeno akampa thelathini na tisa.

Swali lililomwangusha ni skwea ruti ya 72, uiandike kwa ufupi. Makena aliandika 6 nje ya alama ya ruti, 2 ndani. Kipngeno akachora eksi nyekundu, ati karatasi yake ya majibu inasema 3 nje, 8 ndani. "Mama, jibu ni moja," ananiambia, na chai yangu iko mdomoni mwake.

Mimi niliachia darasa la tatu, ningesema nini? Nikamwendea Onésphore, Mrundi anayeshona viatu hapa nje ya hoteli yangu. Alikuwa mwalimu kwao. Akaangalia, akasema, "Hii ni mambo ya mzizi, mama." Nikamwambia sitaki dawa, mtoto si mgonjwa. Alicheka mpaka akaangusha sindano.

Akanieleza na rasheni, kile chakula cha msaada cha kambini. Ile alama ya ruti ni nyumba. Ukivunja 72, ndani unakuta 2, 2, 2, 3, 3. Wawili wakifanana ni familia moja, hawaendi laini wote, anatoka mmoja na kadi kwa niaba ya wote wawili. Kwa hivyo inatoka 2 moja na 3 moja, zikizidishana ni 6. Ile 2 haina mwenzake inabaki ndani.

Sasa Kipngeno ametoa 3 peke yake, 8 akaifungia. Na 8 ni 2, 2, 2! Kuna wawili humo wako na kadi na wanalala njaa, na mtu mzima wa koleji anaita hiyo jibu. Mimi nilielewa kabla sufuria ichemke.

Jana nikamuuliza mbele ya wateja, "Mwalimu, hao wawili utawatoa lini?" Leo watu wa bodaboda wanamwita, "Mwalimu, wametoka?" Sasa anapitia laga, ule mto mkavu, kwa mchanga, na hivyo viatu vyake vya kung'aa.

Jumatatu jina linabandikwa ukutani. Tuombee. Salimia mama, na Kariuki mwambie aoe. Mungu awatoe kila mahali mmefungiwa.

Ngoja, Onésphore ananiita. Anasema Kipngeno ameingia na mlango wa nyuma, ako na karatasi ya Makena, anataka kuongeza hiyo maksi pole pole bila kelele. Wacha niende. Atawatoa hao wawili hapa mbele ya watu, na mkono wake, ndio apewe chai.

Ni mimi dadako, ninakupenda hata mtandao ukikatika,
Mama Makena