Somo la Asubuhi kwa Nyumba Mbili

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu linanuna kila nikikanyaga cherehani.

Leo somo la asubuhi lilikuwa ile orodha ndefu ya vizazi katika Biblia, nikacheka mpaka wateja wakanishangaa. Unamkumbuka Baba? Akifika kwenye majina magumu anakohoa, anasema "na wenzake", anaruka mstari. Mama naye: "Hao nao walizaliwa kwa uchungu, uwasome!" Wewe unasinzia kwenye benchi, chai inapoa.

Tangu tumzike wifi hujaniambia umesoma nini.

Dada yako

20 Februari

Dada, shikamoo.

Afya ipo, nashukuru. Ila wewe hudanganyiki: nafungua Biblia, maneno hayaingii. Nafika pale Paulo anapotuambia tufurahi, nafunga. Nifurahie nini? Kanga ya mke wangu bado inaning'inia mlangoni. Usiniombe nisome.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana. Sikuhubirii. Usisome, basi. Ukiamka kaa tu, mimi nitasoma kwa sauti kwa ajili yetu wawili. Paulo mwenyewe aliyaandika hayo akiwa kifungoni, sidhani alikuwa anachekacheka. Nahisi alikuwa amewakumbuka watu wake.

Dada yako

29 Juni

Dada, shikamoo.

Hamjambo nyote? Unisamehe kwa kimya. Nimekaa, kama ulivyosema, kila asubuhi kabla ya zamu, pale kwenye mashine za kufulia mashuka ya hospitali. Mpiga pasi wetu, mtu mkali kweli, akaniuliza, "Unamsubiri nani?"

"Dada yangu anasoma."

Akanitazama kama nimepagawa. Kesho yake akavuta kiti. "Haya, leo anasoma nini?"

Sikujua! Ikabidi nifungue, nimsomee. Sasa tumekuwa kikundi, hata mfagiaji anakuja. Juzi nilicheka, Dada, nikashtuka kusikia kicheko changu.

Mdogo wako

15 Julai

Mjomba, shikamoo.

Naandika mimi, Mama ananitajia. Anasema:

"Mdogo wangu, barua yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena. Macho yangu yamezimika. Daktari anasema ndiyo basi. Tangu Pasaka sioni maandishi, lakini nilikuahidi, kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikisema niliyoyashika kichwani. Mengine nachanganya, Mungu atapanga mwenyewe."

Hapa analia, Mjomba, lakini anasema niandike kwamba ni furaha.

Mpwa wako

28 Julai

Dada, shikamoo.

Msinijibu barua hii, jibu halitanikuta. Mpiga pasi amekubali kushika zamu zangu, amenifukuza kabisa: "Nenda, wewe!" Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi.

Mwambie mpwa wangu asikusomee somo la Jumapili. Hilo mniachie mimi.

Mdogo wako